Moto Mdogo wa Maji ya Betri

Saa moja na dakika ishirini jioni, siku ya Jumatatu, redio ya mpangaji wangu ilizimika katikati ya jina la mtu.

Mtangazaji alikuwa akisoma kwa Kirundi orodha ya watu waliopatikana baada ya kupotezana na jamaa zao njiani. Alitaja jina la ubatizo la mwanamke mmoja, akavuta pumzi ili ataje la pili, na hapo sauti ikaanza kufifia kama ya mtu anayeongea huku akienda zake. Kisha ikanyamaza. Mpangaji wangu aliendelea kuinama juu ya redio kwa muda, sikio karibu na spika, kama vile jina lingeweza kumalizikia humo ndani bila moto wa betri.

Jina lile la kwanza lilikuwa sawa na la mke wake. Lakini kwa Warundi jina la ubatizo peke yake halimtambulishi mtu; wanawake wenye jina lile walikuwa wengi katika kila kambi. Jina la pili ndilo la mtu mwenyewe. Orodha ya Jumatatu ilikuwa ikirudiwa Ijumaa, saa ile ile, halafu hairudiwi tena.

Alikuwa mfyatua matofali, mtu wa makamo, mpole, aliyekuja kwangu Ujiji akiwa na redio, betri ya gari na blanketi. Sheria ilitaka wakimbizi wote wakae kambini. Yeye alibaki mjini kwa sababu walipotezana na mkewe karibu na ziwa, na alikuwa na hakika kwamba mtu akiibuka kutoka upande ule atapitia kwetu kwanza. Nilimpangisha chumba cha nyuma. Nilikuwa mjane, nikiuza mawese kwa chupa, na chumba kile kilikuwa kinakaa bure. Sikumpangisha kwa huruma. Miaka ile huruma ilikuwa imetuchosha wote, wanaoomba na wanaoombwa.

Nilikuwa nakaa naye kusikiliza kwa sababu naelewa. Mama yangu alikuwa Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Majirani wangu wenye redio walisikiliza mpira na taarabu. Hakuna ambaye angegeuza mshale wa redio yake saa ya taarifa ya habari ili asikilize majina ya watu asiowajua. Na mpangaji wangu hakuweza kutembea jioni kutafuta redio nyingine, kwa sababu mgambo walikuwa wakiuliza watu vitambulisho. Kwa hiyo ilikuwa redio ile, ua ule, na betri ile.

Asubuhi ya Jumanne nilimbebesha jirani mwenye baiskeli ile betri, nikafuatana naye mpaka kwa fundi wa kuchaji karibu na soko. Fundi alifungua vifuniko vyote sita, akamulika kwa tochi, akasema sahani zimebaki uchi. Akasema hachaji betri iliyo uchi, itamfia mkononi kisha mwenyewe adai alipwe. Nitie maji kwanza, nimrudishie Alhamisi mchana, maana zamu ya umeme upande wetu ilikuwa usiku wa Alhamisi. Nikakosa hapo, basi mpaka wiki ijayo.

Maji ya betri hayakuwepo mjini. Malori ya kupeleka watu kambini kutoka bandarini yalikuwa mengi kiasi kwamba gereji zilinunua kila chupa iliyoshuka kwenye treni. Miezi mingine tungetumia maji ya mvua, kila mtu Kigoma anafanya hivyo. Lakini kilikuwa kiangazi, na mtungi wangu wa mvua ulikuwa umekauka tangu zamani.

Mpangaji wangu akauliza kwa nini tusitie maji ya ziwa yaliyochemshwa. Nikamwonyesha birika langu la chai. Mtu yeyote anayechemsha maji ya Tanganyika anajua yale magamba meupe yanayoshika ndani ya birika. Maji yakienda angani, magamba yanabaki. Ukiyatia kwenye betri, magamba hayo yatakwenda kukaa kwenye sahani, na betri itakufa taratibu kama mgonjwa asiyelalamika. Kinachotakiwa ni yale maji yaliyokwenda angani.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Mengine niliyasoma mwenyewe, kwa mpangilio, kila karatasi iliyopita mikononi mwangu. Kitabu cha sayansi nilichokuwa nacho nilikinunua kwa muuza karanga aliyekuwa akikichana kufungia bidhaa yake. Kurasa za mbele zilikuwa zimekwisha kuliwa na wateja, lakini sura ya kuvukiza maji ilikuwa nzima. Kulikuwa na mchoro: chungu, bomba, chombo cha maji baridi, chupa. Kitu ambacho kila mpika gongo anakijua bila kusoma. Nilikuwa nimeutazama mchoro ule mara nyingi bila kuwa na sababu ya kuutumia.

Nilichukua sufuria yangu ya pilau, kubwa, ya shughuli. Mfuniko nilimpelekea fundi wa friji akautoboa, akaniuzia bomba la shaba lililotoka kwenye friji bovu. Nililisafisha kwa ndimu na maji ya moto mpaka likaacha kunuka. Nilijua shaba si rafiki mkubwa wa betri, lakini bomba la kioo ningelipata wapi. Bomba likapita ndani ya debe la maji baridi, likatokea chini kwenye tundu nililoliziba kwa nta, mdomo wake ukaelekea kwenye chupa. Mdomo ule niliuacha wazi kabisa. Mvuke usipokuwa na pa kutokea, sufuria itapatafuta yenyewe. Mfuniko niliuziba pembeni kwa ugali mbichi wa muhogo, kama wanavyofanya wenye kazi yao.

Halafu nikawasha moto, na hapo ndipo nilipokosea.

Moto wetu wa Ujiji ni makapi ya chikichi, yale yanayobaki mawese yakishakamuliwa. Bado yana mafuta ndani. Ukitupa konzi moja kwenye mafiga, moto unaruka hadi shavuni mwa sufuria. Tumelelewa kuamini kwamba jiko zuri ni lile linalonguruma. Tena wakati wa hofu ya kipindupindu mabwana afya walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakitufundisha kwamba maji hayajachemka mpaka yaruke, na mikono yetu ilikuwa imeshika somo hilo. Nikayarusha. Sufuria ikapiga ngoma, mfuniko ukatetemeka, maji yakatoka mdomoni mwa bomba kama uzi, mengine yakitoka bado ni mvuke na kuniunguza vidole. Kabla ya alasiri nilikuwa na chupa tatu. Mpangaji wangu alizishika moja moja akiziangalia kwenye jua. Zilikuwa safi kama machozi.

Nilileta kioo changu cha kujitazamia. Nikadondosha tone moja la ziwa upande wa kushoto, tone moja la chupa upande wa kulia, nikakiweka juani. Tone la ziwa lilipokauka liliacha duara jeupe. Tone la chupa likaacha duara pia, jembamba, lakini lilikuwepo.

"Labda ni vumbi," mpangaji wangu akasema.

Nikafuta kioo, nikarudia ndani ya nyumba. Duara likarudi.

Nilikaa mbele ya ile sufuria ikiwa wazi, nikaitazama inavyochemka. Nilichoka, na uchovu una faida moja, unakufanya utazame kitu kimoja kwa muda mrefu. Maji yanaporukaruka, kila povu linapopasuka linatupa vitone vidogo hewani, kama mafuta yanavyotupa ukikaanga migebuka. Vitone hivyo si mvuke. Ni ziwa lenyewe, na magamba yake, linapanda kwa miguu yake kuingia kwenye bomba. Nilikuwa nimejaza sufuria karibu na ukingo, kwa hiyo safari yao ilikuwa fupi.

Na nikakumbuka sentensi iliyokuwa chini ya ule mchoro, ambayo nilikuwa nimeisoma bila kuielewa: maji yakishachemka hayazidi kuwa ya moto. Unaweza kuweka chini yake kuni za kijiji kizima, joto lake litabaki pale pale. Moto unaouongeza hauongezi joto, unaongeza vurugu.

Zile chupa tatu sikuzimwaga. Kumwaga kitu kilichokula makapi na mgongo wangu kulinishinda. Niliziweka nyuma ya mlango wa jikoni na kuzifunika kwa khanga, kusudi mpangaji wangu, kwa ile haraka aliyokuwa nayo, asije akazichukua na kuzitia kwenye betri.

Jumatano nilianza upya baada ya sala ya alfajiri. Niliweka maji nusu ya sufuria, si zaidi. Nikanunua mkaa, ambao siku zile ulikuwa na bei ya kukufanya uusalimie, nikauwasha kwenye jiko la udongo. Maji yalipoanza kuimba nikafukia makaa kwa majivu, kama tunavyofanya tukiacha maharage yaive wakati tumekwenda shamba. Sufuria ikanyamaza. Nilisubiri. Mdomoni mwa bomba likatokea tone moja, likaning'inia, likaanguka. Likafuata jingine.

Sikuwa na kipimajoto, lakini bomba lenyewe linasema. Karibu na mfuniko halishikiki. Linapotokea kwenye debe linatakiwa liwe baridi kama shingo ya mtungi. Ukilishika hapo ukasikia uvuguvugu, ama moto umezidi au maji ya debe yamechoka. Maji ya juu kwenye debe ndiyo yanayochoka kwanza. Uyateke hayo, uongeze mengine chini. Matone yanatakiwa yahesabike. Yakiungana yakawa uzi, ondoa kaa moja. Yakikoma, usipulize, maana ukipuliza moto unashtuka na sufuria inaruka. Funua majivu kidogo tu, ukae. Kazi yote ni kukaa. Anayeanza anadhani kazi ni kuchochea.

Maji ya kubadilisha debe aliyachota mpangaji wangu ziwani. Ili asitambulike nilimvalisha kofia na kanzu ya marehemu mume wangu. Kanzu ilimfika juu ya kifundo, na yeye ni mtu wa kanisa, alitembea ndani yake kwa tahadhari kama aliyeazima ngozi ya mtu. Jirani yangu, ambaye anauza maandazi na ulimi wake hauna siku ya kupumzika, akamwona kupitia ua wa matete.

"Shoga," akaniita, "nimemwona shemeji. Hata posa hatukula?"

Nikamwambia ni mchota maji.

"Mchota maji kwa kanzu. Na hiyo sufuria ya pilau tangu jana haishuki, wala pilau hatuoni. Kama ni ile dawa ya wapika gongo, mie sinywi, lakini nina kaka."

Nikajibu kwamba ni maji ya betri. Akacheka mpaka akashika ua. Nilijua kabla ya adhuhuri habari itakuwa imefika sokoni na kurudi.

Mpangaji wangu alikuwa hachekeshwi na kitu. Alikaa chini mbele ya chupa akiangalia tone likiumbika, na kila lilipochelewa alivuta hewa kwa meno. Chupa moja haikuwa imejaa.

"Mama," akasema, "tuongeze moto kidogo. Siku zinakwisha."

Nikamwambia tukiongeza moto tutapata ziwa.

"Ego, mama," akasema. Maana yake ni ndiyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye makapi.

Adhuhuri ilipoingia nikaenda kutawadha na kusali. Nikiwa kwenye tahiyatu nikasikia sufuria inapiga ngoma. Sikuikatisha sala, lakini sidhani kama niliimaliza mbele ya Mungu. Niliimalizia mbele ya jiko. Nilipotoka, maji yalikuwa yanatoka uzi, na yeye amepiga magoti, viganja vimejaa mafuta ya chikichi, amevishika mbele yake kama mtu aliyefumaniwa na unga.

Nilivuta makaa. Nikatia tone kwenye kioo, tukasubiri pamoja. Duara. Nikaichukua ile chupa, kazi ya asubuhi nzima, nikaimwaga chini. Mchanga ukaimeza mara moja.

"Nimeiharibu?" akauliza.

"Umeichelewesha."

Akaangalia pale palipolowana mpaka pakakauka. Akasema mkewe ndiye aliyekuwa akimwambia yeye pole pole, pole pole, kila siku, na kwamba njiani, ile siku waliyopotezana, mkewe huyo huyo ndiye aliyekuwa akimwambia afanye haraka. Nilisugua sufuria, nikaosha bomba, nikaanza tena. Tangu hapo akakaa upande wa pili wa ua, mbali na jiko, kwa hiari yake.

Alasiri akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Alibisha hodi akiwa amekwisha kuingia. Mpangaji wangu alikuwa ziwani.

Nilimwamkia, akaitika, akaketi bila kukaribishwa, akaangalia sufuria, bomba, debe na chupa kwa utaratibu huo. Akasema ameambiwa ninapika.

"Napika maji, balozi."

"Maji hata mimi nyumbani napikiwa. Hayapitishwi kwenye bomba."

Alitaka nifungue mfuniko. Nilimweleza kwamba nikifungua ule ugali wa muhogo nitaanza upya na muda sina, lakini chupa ile pale, anuse, aonje. Akamimina nusu kikombe. Akanusa. Akaonja kwa ncha ya ulimi, kisha akanywa yote, akakaa akisubiri kitu kimtokee.

"Haya maji hayana ladha," akasema mwishowe.

"Ndivyo yanavyotakiwa."

"Hata ya ziwa yana ladha."

"Hiyo ndiyo niliyoitoa."

Akanitazama kwa masikitiko. "Yaani mtu atoe pesa anunue maji ambayo wewe umekwisha kuyatoa kitu?"

Kisha akaangalia mlango wa chumba cha nyuma. Akauliza yule bwana wa kanzu yuko wapi. Nilisema amekwenda kuchota maji. Neno moja la balozi lingemfikisha mpangaji wangu kwenye lori la kambi kabla ya Ijumaa, na lori la kambi halina redio.

"Sina haja ya kujua alikokwenda," balozi akasema. "Nimeuliza tu. Kitu nisichokijua hakinisumbui." Akanyoosha miguu. "Na mimi nina betri, mama. Imekauka tangu mwezi uliopita."

Nilielewa. Nikamwambia hii iliyopo ina mwenyewe, lakini wiki ijayo nitampikia yake. Hakuwa amekuja kwa ajili ya wiki ijayo. Aliinuka kwenda kunawa mikono, akapitia mlango wa jikoni, na akarudi na zile chupa tatu za Jumanne, mbili kwapani na moja mkononi, na khanga yangu begani.

"Hizo mbaya, balozi," nikasema. "Zina ziwa ndani."

Alicheka taratibu, kicheko cha mtu aliyekwisha kuona mengi. "Mbaya zinafunikwa khanga nyuma ya mlango, nzuri zinaachwa juani. Mama, mimi nimezaliwa Ujiji."

Nilimweleza mara ya pili, nikaleta na kioo. Akasema mambo ya kioo ni ya waganga. Mara ya tatu nilimwambia akiwa amefika mlangoni, na jirani yangu yuko uani kwake anasikia. Akaniambia Mungu anipe maisha marefu, akaenda.

Usiku ule nililala bila kula. Mgongo ulikuwa haunyooki. Lakini kabla ya kulala nilikuwa nimefunga chupa moja nzuri, na asubuhi ya Alhamisi nikapata nyingine karibu na kujaa. Kioo hakikuonyesha kitu. Nilikigeuza huku na huku kwenye jua nikitafuta lile duara, nikaona uso wangu tu, umejaa majivu. Mpangaji wangu alinishikia betri wakati namimina, tundu moja baada ya jingine, mpaka sahani zikazama. Mikono yake ilitulia kabisa. Mchana fundi alichungulia tena kwa tochi, akauliza maji nimeyapata wapi. Nilisema nimeyapika. Akaiunga.

Ijumaa jioni jirani yangu naye alikuja kukaa, na maandazi yaliyobaki, bila kualikwa. Alikuwa amesikia kinachosubiriwa. Hakutania. Mpangaji wangu alikaza vibanio vya betri, akafungua redio, na sauti ikatoka nene, bila kukoroma.

Majina ya wanaume yakasomwa, kisha ya wanawake. Mtangazaji alikuwa yule yule. Akafika kwenye lile jina la ubatizo, akavuta pumzi pale pale, akataja la pili.

Halikuwa la mkewe. Lilikuwa la mwanamke wa mlima mwingine kabisa, maana Warundi hutaja kwao kwa mlima kama sisi tunavyotaja kijiji.

Mpangaji wangu alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayekubali bei. Alisubiri orodha ile iishe, kwa adabu. Kisha akanyoosha mkono kwenye kibanio ili akifungue na kuizima redio, kama alivyozoea kufanya kila siku, kwa kuwa betri ile, kabla ya kutiwa maji, haikuwa na moto wa kupoteza.

"Iache," nikasema. "Maji yapo. Moto upo. Iache imalize."

Akaiacha. Baada ya waliopatikana ikaja orodha ya pili, ya wanaotafutwa. Hiyo hatukuwa tukiisikia hata siku moja. Jumatatu ile isingetufikia hata kama betri ingeongeza dakika mbili. Mtu anataja jina la anayemtafuta, mlima anakotoka, halafu lake mwenyewe na kambi aliyopo. Likasomwa jina la mpangaji wangu. Yote mawili. Na mlima wake. Na jina la mtu aliyeleta tangazo, na kambi aliyopo.

Jirani yangu, asiyejua Kirundi na aliyeshika tu jina la mpangaji wangu, akapiga kofi moja. "Si ndiye? Mkewe huyo?"

Mpangaji wangu alikuwa amesimama. Akakaa tena, pole pole, akitafuta kigoda kwa mkono.

"Ni mama mkwe," akasema.

Jirani yangu akasema alhamdulillahi, basi na binti yake atakuwepo, mama yupo binti yupo. Alisema kwa nia njema. Mpangaji wangu alimsubiri amalize.

"Kwetu mama mkwe hanitaji jina," akasema. "Tangu nioe hajalitaja. Akinihitaji anamwambia mke wangu, mke wangu ananiambia." Akafungua kibanio kimoja, kisha cha pili. "Akinitaja mwenyewe, mbele ya watu wote, ni kwamba hana tena wa kumtuma."

Jirani yangu alifunga maandazi yake, kisha akayafungua, akayaacha.

Mpangaji wangu aliondoka asubuhi. Sikumzuia wala hakuniaga kwa maneno mengi. Alisema mama mkwe ni mzee, hawezi kusimama foleni ya maji peke yake. Alirudisha kofia na kanzu zikiwa zimefuliwa na bado mbichi. Redio aliichukua, betri aliiacha, nzito mno kwa mtu anayekwenda kujikabidhi kwenye lori. Alisema ni kodi ya mwezi ule. Nilikubali, kwa sababu kukataa kungemlazimisha kunishukuru.

Niliendelea kupika maji kwa wiki chache, madereva wakanunua kidogo, mpaka mvua za kwanza zikaja na kila mtu akakinga bure. Mwezi huo huo balozi alikuja kudai kwamba maji yangu yameua betri yake. Jirani yangu alisimama uani kwake akasema kwa sauti kwamba yeye ni shahidi, nilimkataza mara tatu. Nilimlipa balozi hata hivyo. Chumba cha nyuma kilikuwa na mpangaji mwingine tayari, mama na watoto, na wao hawakuwa na karatasi.

Bomba la shaba elfu mbili na mia tano. Mkaa elfu moja na mia mbili. Kuchaji mia tano. Balozi elfu mbili. Nilichouza kwa madereva ni mia tisa, na fundi wa friji alilinunua bomba lake kwa mia saba. Betri sikuiuza, kwa hiyo siihesabu. Hasara ni shilingi elfu nne na mia sita.